Motokari Kuukuu Iliyoachwa Nje: Tununue Nini Ili Ing'ae Tena?

Baba mmoja wa jamaa, mwalimu huko Bukavu, atuuliza swali ambalo wengi wenu mngependa kuliuliza. Amenunua motokari kuukuu kwa shemeji yake, naye amelipa bei nafuu, kwa kuwa motokari hiyo ilikaa miaka mitatu nje, chini ya mparachichi, bila mtu wa kuiangalia. Moteri yake ni nzima. Lakini rangi yake nyekundu imefifia, imekuwa kama kitu kilichonyunyiziwa unga. Taa za mbele zimegeuka manjano. Na juu ya paa yako madoa meusi ya utomvu pamoja na mavi ya ndege yaliyokauka. Mwalimu alikwenda dukani, akakuta rafu nzima ya chupa na mikebe, kila mmoja wajisifu kuliko mwenzake. Muuzaji akamchagulia chupa saba. Mama wa nyumba alipopiga hesabu akasema: "Baba, fedha hizi ndizo ada ya shule ya mtoto wetu wa tatu." Basi mwalimu akaziacha chupa zile zote dukani, akatuandikia: Ni kipi kilicho cha lazima, na ni kipi kinachomfaa mwenye duka peke yake?

Tunamsifu mama huyo. Tunamsifu pia baba aliyemsikiliza. Katika nchi yetu, tangu Kivu mpaka Katanga, motokari nyingi za jamaa hazikununuliwa mpya. Zilitoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, zikapita Dar es Salaam au Mombasa, kisha zikapanda mpaka kwetu kwa njia ndefu ya vumbi na matope. Nyingine zina usukani upande wa kuume, ingawa sisi twaendesha upande uo huo wa kuume wa njia, na kila aliyejaribu kulipita lori katika barabara ya Kavumu aelewa tunasema nini. Motokari ya namna hii si pambo. Ndiyo inayompeleka mama sokoni na mgonjwa hospitalini. Siku ya shida, ndiyo mali ya kwanza inayouzwa. Rangi yake ikifa, bati huliwa na kutu, na bati likiliwa, bei huanguka. Kwa hiyo kuisafisha si majivuno. Lakini kabla hamjanunua hata mkebe mmoja wa nta, tazameni breki na mipira ya magurudumu. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote viwili, nta ingoje.

Sasa tuanze na rangi yenyewe, maana anayenunua dawa bila kuujua ugonjwa hutupa fedha yake. Rangi ya motokari si ngozi moja. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, ambayo kazi yake ni kushika bati na kuzuia kutu. Juu yake kuna rangi tunayoiona. Na katika motokari nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980, juu ya rangi hiyo kuna tabaka lingine lisilo na rangi, linaloangaza kama kioo. Mafundi wetu huliita vernisi. Tabaka zote hizi pamoja hazizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita, na vernisi peke yake mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Yashikeni sana maneno haya, maana kila mara mnapoikwaruza rangi kwa dawa ya kung'arisha, mnaondoa kidogo katika unene huo, na kilichoondoka hakirudi.

Jua ndilo adui wa kwanza. Mwanga wake mkali huvunja-vunja rangi kidogo kidogo, hewa nayo huisaidia, mpaka uso wa juu unakuwa unga. Rangi nyekundu huumia upesi kuliko nyingine nyingi. Adui wa pili ni mavi ya ndege, utomvu na wadudu waliokufa, ambavyo vikipikwa na jua huuma rangi na kuacha alama. Tena ndugu zetu wa Goma wana adui wa tatu. Nyiragongo, mlima ule uliotapika moto mpaka ndani ya mji mwezi wa Januari 2002 na ukatapika tena mwezi wa Mei 2021, hutoa moshi wenye kiberiti, na mvua inayopita katika moshi huo hushuka ikiwa na ukali wa asidi. Jivu lake nalo ni chembe za mawe na kioo. Anayelipangusa kwa kitambaa kikavu, hata kama ana nia njema, anaichora motokari yake kama mtu anayeandika kwa msumari.

Je, mtajuaje kama rangi yenu ingali hai? Kuna njia tatu zisizogharimu kitu. Kwanza, osheni sehemu ndogo na kuitazama ingali na maji. Ikiwa rangi iliyofifia yapendeza ikiwa na maji, kisha yafifia tena ikikauka, hiyo ni dalili njema: yaelekea ugonjwa uko juu tu, na kung'arisha kutasaidia. Pili, chukueni kitambaa cheupe chenye dawa kidogo ya kung'arisha, msugue mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikipata rangi ya motokari, basi haina vernisi, au vernisi imekwisha mahali pale, na mnaisugua rangi yenyewe. Tatu, pitisheni macho juu ya paa na kifuniko cha moteri. Mkiona vernisi inabanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua, acheni fedha zenu mfukoni. Hakuna chupa duniani inayoweza kurudisha vernisi iliyobanduka. Hapo kazi ni ya fundi wa rangi peke yake.

Motokari ya mwalimu wetu, kwa kadiri alivyotueleza, ni ya namna ya kale isiyo na vernisi: akiipangusa kwa mkono, mkono unakuwa mwekundu. Hilo lisimtie hofu. Rangi ya namna hiyo, ikiwa bado na unene wa kutosha, ndiyo inayopendeza sana baada ya kazi, kwa sababu chini ya unga ule rangi iliyo hai ingalipo.

Kazi ya kwanza ni kuosha, na hapa ndipo watu wanapoharibu zaidi. Sabuni ya unga ya kufulia nguo ni kali. Imetengenezwa ili ing'oe mafuta katika nguo, nayo huing'oa nta yote iliyobaki juu ya rangi na kukausha mipira ya milango. Afadhali shampuu ya motokari, ile isiyo na ukali wa asidi wala wa magadi. Chupa moja huenda miezi mingi, kwa kuwa vifuniko viwili au vitatu vyatosha ndoo nzima. Ikiwa shampuu haipatikani, sabuni laini ya kuoshea vyombo, kidogo tu, haitaua motokari iliyoachwa miaka mitatu. Kwa siku ile ya kwanza ina hata faida, kwani huondoa mafuta na nta ya zamani. Lakini isiwe desturi ya kila juma.

Chukueni ndoo mbili. Moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kichafu kisirudi katika sabuni kabla hakijasuuzwa. Tumeona watu wenye elimu nyingi wakilicheka jambo hili la ndoo mbili, na motokari zao zikipigwa na jua zaonyesha mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui. Mwageni kwanza maji mengi ili mchanga ushuke wenyewe. Anzeni juu, mkaishie chini. Magurudumu yawe na kitambaa chake, maana unga wa breki una chembe za chuma. Osheni kivulini, bati likiwa limepoa. Sabuni ikikaukia juani huacha madoa. Tena msiiingize motokari ziwani wala mtoni. Mafuta ya moteri na matope ya barabara yakiingia majini, jirani aliye chini ndiye anayeyanywa.

Wako vijana wanaoosha motokari kando ya njia ili wapate chakula cha siku. Hatusemi wanyimwe kazi, hasha. Lakini mwende na kitambaa chenu na shampuu yenu, mkawaombe wasisugue kwa kile kitambaa kilichokwisha kupangusa malori kumi tangu asubuhi. Mkiwaongezea kidogo, watafanya kwa furaha.

Sasa tuseme juu ya desturi moja mbaya iliyoenea sana. Motokari ikikwisha kuoshwa, wengine hupaka mazuti, mafuta ya taa, au hata mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika, ili ing'ae. Kweli hung'aa, mpaka vumbi la kwanza. Mafuta hayo hayalindi rangi. Hushika vumbi, vumbi hugeuka tope, na siku ya kuosha tope hilo hukwaruza. Ubaya mwingine wauona baadaye: mipira ya milango na ya vioo huvimba na kulegea, na mvua ikija maji huingia ndani. Wengine hupaka mafuta ya breki juu ya mipira ya magurudumu ili iwe myeusi. Tone moja la mafuta hayo likiangukia rangi, rangi hulainika na kuinuka. Likimwagika kwa bahati mbaya, mwageni maji mengi papo hapo, msingoje.

Baada ya kuosha, vaeni mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, mkapitishe vidole polepole juu ya bati. Mfuko huo hufanya vidole vihisi kuliko ngozi tupu. Mkisikia vijipele vingi, ni utomvu, lami na chembe za chuma zilizoshika rangi. Kwa hayo kuna udongo maalumu wa kusafishia rangi, kipande kilaini kama udongo wa watoto wa kufinyangia. Hulowanishwa uso wa bati kwa maji yenye shampuu, kisha udongo husukumwa taratibu, bila nguvu. Ukianguka chini, utupeni hata kama uliununua jana, maana umeokota mchanga. Je, ni wa lazima? Kwa motokari iliyokaa chini ya mti, twasema ndiyo, ikiwa mnaupata. Msipoupata, utomvu mgumu huweza kulainishwa kwa alkoholi ya dukani iliyotiwa kwenye kitambaa, mahali padogo padogo, kisha paoshwe mara moja. Jaribuni kwanza mahali pasipoonekana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chupa za kung'arisha, na hapo ndipo muuzaji anapoanza kusema maneno mengi. Msikilizeni kwa adabu, kisha mgawanye chupa zake katika mafungu matatu tu. Fungu la kwanza ni dawa zinazokwaruza, zile zenye chembe ngumu ndani yake. Hizi ndizo zinazoondoa rangi iliyokufa, nazo ziko kali na ziko laini. Fungu la pili ni dawa zinazofunika mikwaruzo kwa mafuta na vijazo, bila kuiondoa. Motokari hupendeza mpaka ioshwe mara kadhaa, kisha mikwaruzo hurudi yote. Wauzaji wa motokari kuukuu wazipenda sana dawa hizi, nanyi mtaelewa kwa nini. Fungu la tatu ni walinzi: nta na ndugu zake. Hawaondoi kitu. Huvaa juu ya rangi kama mwavuli. Mkipaka nta juu ya rangi iliyokufa, mmeufunika uchafu. Mkiikwaruza rangi na kuiacha bila nta, mmeiacha uchi mbele ya jua.

Kwa hiyo mwalimu anunue dawa moja laini ya kukwaruza na nta moja. Basi. Asianze na ile kali. Kanuni ya mafundi wazuri ni kujaribu kwanza dawa iliyo laini kuliko zote katika nafasi ya viganja viwili, na kutazama. Ikitosha, kazi iendelee vivyo hivyo. Isipotosha, ndipo achukue iliyo kali kidogo, kisha amalizie kwa laini, kwa maana dawa kali huacha ukungu wake yenyewe. Kitambaa kiwe kilaini. Vile vya mikrofiba ni vizuri, na fulana ya pamba iliyochakaa, isiyo na vifungo wala mshono mgumu, yafaa pia. Weka dawa kidogo kama kunde tatu, sugua kwa mkono bapa mpaka dawa iwe nyembamba, futa, tazama. Katika rangi ya kale kitambaa kitageuka chekundu upesi. Kigeuze, na kikijaa kichukuliwe kingine. Kwenye kona za milango na mistari iliyoinuka ya bati, mkono uwe mwepesi, kwani pale rangi ni nyembamba kuliko penginepo. Mashine ya umeme hufanya kazi hii upesi zaidi, lakini mikononi mwa mtu asiyeizoea hutoboa rangi mpaka msingi kabla hajashtuka. Kwa mikono, motokari nzima ni kazi ya siku mbili. Mabega yatauma.

Jambo moja wengi hawaambiwi. Dawa nyingi za kung'arisha zina silikoni. Kama mnakusudia kumpa fundi motokari aipake rangi mpya hivi karibuni, mwambieni kwamba mmetumia dawa za namna hiyo. Asipoisafisha vizuri, rangi mpya itakataa kushika, itajikusanya na kuacha vishimo vidogo kama macho ya samaki.

Juu ya nta tutasema machache. Ile ya kale inayosifiwa hutoka katika majani ya mnazi mmoja wa kaskazini-mashariki ya Brazili uitwao karnauba. Ni ngumu, huyeyuka tu katika joto la zaidi ya digrii 80, ndiyo maana jua letu haliiyeyushi upesi. Hata hivyo haidumu: baada ya mwezi mmoja au miwili, mitatu kwa kubahatisha, yafaa ipakwe tena. Walinzi waliotengenezwa viwandani hudumu zaidi kidogo, ingawa mwangaza wao ni baridi machoni petu. Katika miaka hii yaja pia maji yaitwayo ya seramiki, yenye bei ya kushangaza. Ni kitu kizuri juu ya rangi nzuri iliyoandaliwa na fundi. Juu ya motokari iliyofifia yatafungia makosa yote ndani, na jamaa yenu itakuwa imelipa ili makosa hayo yadumu. Mkebe wa nta ya kawaida watosha. Upakeni mwembamba sana, kwa sababu nta nene haiongezi ulinzi, huongeza tu jasho la kuifuta.

Taa za mbele si jambo la uzuri. Plastiki yake hulindwa na ngozi nyembamba, nayo ikiliwa na jua, plastiki hugeuka manjano na mwanga wa usiku hupungua. Dereva huchelewa kumwona mtembea kwa miguu. Wengine husugua kwa dawa ya meno. Hiyo hukwaruza kidogo, na kwa siku chache taa yapendeza. Wengine hupuliza dawa ya mbu, ambayo huyeyusha uso wa plastiki na kuuharibu baadaye. Njia ya haki ni msasa wa maji, kwanza namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, taa ikiwa na maji wakati wote, na rangi ya kandokando ikiwa imefunikwa kwa utepe wa karatasi. Taa itakuwa na ukungu mweupe, msiogope. Dawa ile ile ya kukwaruza mliyotumia juu ya rangi itauondoa. Mwishoni lazima pawe na kinga dhidi ya jua, yaani vernisi iliyotengenezwa kwa ajili ya taa. Bila kinga hiyo, manjano hurudi baada ya miezi michache. Kama mwalimu ana fedha za chupa moja zaidi, anunue hii kabla ya kitu chochote cha pambo.

Na kutu? Mahali palipoinuka kama kipele, msipake nta juu yake. Kwangueni mpaka bati lionekane, pakeni dawa ya kugeuza kutu, ambayo mara nyingi ina asidi ya fosfori au ya tanini na hufanya kutu iwe nyeusi, kisha rangi ya msingi, kisha rangi ya juu. Tena chini ya kila mlango yako matundu madogo ya kutolea maji. Katika motokari iliyokaa chini ya mti, matundu hayo huziba kwa majani na udongo, maji hukaa ndani ya mlango, na kutu huanza ndani pasipoonekana na mtu. Yazibueni kwa kijiti. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, haina chupa, na yaokoa bati kuliko mkebe wowote.

Ndani ya motokari hatutakawia. Ukungu wa viti huondolewa kwa burashi, maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, na siku nzima ya jua milango ikiwa wazi. Msipake mafuta ya kung'arisha juu ya ubao wa mbele, kwa kuwa mwangaza wake hurudi kwenye kioo na kumziba dereva macho. Na msichanganye javeli na siki, wala na dawa yoyote yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu, na ndani ya motokari iliyofungwa hakuna pa kuikimbia.

Kwa akina mama wanaotusoma tuna neno moja zito. Dawa hizi, na hasa mafuta ya taa, mara nyingi hugawanywa na kutiwa katika chupa za Fanta au za maji. Mtoto aonaye chupa ya Fanta hunywa. Acheni kila dawa katika chupa yake, iwekwe juu, na mlango ufungwe. Ikiwa mtoto amekunywa mafuta ya taa, msimtapishe, wala msimpe kitu cha kumfanya atapike, kwa sababu mafuta yakipanda huingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mpelekeni hospitalini mara moja pamoja na chupa aliyokunywa. Dawa za kusafishia magurudumu za asidi kali, ambazo huwekwa katika chupa zisizo na jina lolote, msizilete nyumbani kabisa. Nyingine zina asidi inayopenya ngozi bila kuuma mara moja, na madhara yake hufika mpaka mifupani.

Basi, hesabu ya mwalimu ni hii: shampuu moja, udongo wa kusafishia ukipatikana, dawa moja laini ya kung'arisha, mkebe wa nta, karatasi tatu za msasa, vernisi ya taa, na vitambaa ambavyo mama anaweza kuvikata katika fulana kuukuu. Hesabu hiyo ikizidi bado, aanze na shampuu na nta, mengine yafuate mwezi baada ya mwezi. Wakati ufaao kwa watu wa Kivu ni Julai na Agosti, mvua zikiwa zimekwisha na wanafunzi wakiwa nyumbani kwa likizo ndefu. Kijana wa miaka kumi na minne aweza kabisa kusugua mlango mmoja kwa siku, akionyeshwa. Ndugu wa Lubumbashi na Kolwezi wafanye kati ya Mei na Septemba, na wapake nta ya pili mwezi wa Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza.